Nyuma ya Swichi ya Jenereta

Mafundi wa stima wa Migori na Homa Bay hufuata kitabu cha Waingereza, BS 7671, na katika suala la jenereta kitabu hicho humjali kwanza mtu aliye juu ya nguzo. Mwenye duka anapochomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi dume pande zote mbili, volti 240 hurudi hadi kwenye transfoma ya barabarani na kupandishwa kuwa 11,000. Fundi wa Kenya Power akiushika waya aliodhani hauna umeme, anakufa. Ndiyo maana swichi ya kubadilishia ina nafasi tatu: I ya Kenya Power, II ya jenereta na 0 katikati. Huwezi kufika II bila kupita 0. Tena jenereta iwe na ethi yake ardhini, isitegemee ya shirika la umeme; sharti hili ni rahisi mno kulisahau.

Wamarekani nao hawaipuuzi swichi, lakini kanuni yao ya NEC, iliyoanza 1897, ina mengi ya kusema juu ya kilicho nyuma yake. Mfumo wa dharura hupewa sekunde 10 uwe umewaka. Hospitalini nyaya hugawanywa: za usalama wa maisha, kama taa za njia za kutokea, za huduma nyeti kwa wagonjwa, na za mitambo. Makundi mawili ya kwanza hayapitishwi paipu moja na nyaya nyingine. Ila kwa taa ya meza ya upasuaji Waingereza ni wakali zaidi: nusu sekunde, muda ambao dizeli haiuwezi, kwa hiyo betri ni lazima.

Majengo yetu mengi huishia kwenye swichi. Ikigeuzwa, mzigo wote huangukia jenereta moja, na friji ya chanjo hugombania umeme na birika la chai la ofisini. Kutenga ubao wa fyuzi kwa vitu visivyoweza kungoja hakuhitaji jenereta ya pili. Kunahitaji waya, paipu na uamuzi kabla ukuta haujapigwa plasta.

Ninachotamani zaidi tukiazime ni sharti la NFPA 110, kanuni ya Wamarekani ya umeme wa dharura: jenereta ya dizeli iwashwe kila mwezi kwa dakika 30, ikibeba angalau asilimia 30 ya uwezo wake. Kuiwasha bila mzigo hakutoshi. Mafuta yasiyoungua vizuri huacha masizi kwenye ekzosi. Tarehe 25 Agosti 2023, Kenya ilipoingia gizani, sehemu za uwanja wa ndege wa JKIA zilikosa umeme kwa sababu jenereta haikuwaka.

Kwa Homa Bay naongeza jambo la mahali. Mwaka 2012 mafuriko ya kimbunga Sandy yaliilazimu hospitali ya NYU Langone, New York, kuhamisha wagonjwa zaidi ya 300: jenereta zilikuwa juu, lakini pampu za mafuta zilikuwa chini. Ziwa Victoria lilipanda mwaka 2020 hadi likavamia majengo ya ufukweni. Tanki, pampu na swichi za jengo la huko zipimwe kwa kina cha maji ya mwaka huo.