Jina chini ya picha: jiwe la Ulaya na gome la Ituri

Safari hii tunaanza mbali kidogo, na karatasi ya Ulaya, halafu tutarudi nyumbani, katika pori la Ituri. Sababu yake mtaiona mbele.

Karatasi hiyo inaitwa litografia, maana yake picha iliyochapwa kwa jiwe. Ufundi huo ulianzishwa Ujerumani na Alois Senefelder, katika miaka ya mwisho ya 1790. Mchoraji anachukua jiwe la chokaa lililosuguliwa vizuri, anachora juu yake kwa kreyo yenye mafuta, kisha jiwe linaloweshwa maji. Mama yeyote hapa Shari aliyeosha sufuria ya mawese anajua kinachofuata: mafuta na maji havipatani. Wino, ambao nao una mafuta, unashika pale palipochorwa tu. Penye maji unakataa. Wanalaza karatasi juu ya jiwe, wanaigandamiza, na picha inatoka.

Wanachapa karatasi chache tu, tuseme 95, halafu jiwe linasuguliwa tena mpaka picha inafutika. Chini ya kila karatasi mchoraji anaandika kwa kreyo mambo mawili: jina lake, na namba sawa 12/95, maana yake hii ni karatasi ya 12 kati ya 95. Alama hizo ndogo njo zinaleta bei. Ukizitoa, mnunuzi atasitasita.

Kisha vita vya 1945 kwisha, wachoraji wengi wa Ulaya na Marekani waliacha kuchora watu na miti. Walibaki na mistari, madoa na rangi peke yake. Mmoja wao ni Pierre Soulages, Mfaransa aliyezaliwa Rodez mwaka wa 1919 na kufariki mwaka wa 2022. Alijulikana kwa mistari minene myeusi, naye alifanya litografia pia. Picha zake hazina kichwa cha habari: za rangi aliziita kwa vipimo na tarehe, na litografia alizipa namba tu. Lakini hakuna anayeuliza ni kazi ya nani. Mwaka wa 2014 mji wa Rodez ulifungua nyumba ya makumbusho yenye jina lake.

Sasa turudi kwetu. Ukitoka Bunia, ukipita Komanda na Mambasa kwenda Epulu, unaingia katika pori la Wambuti. Wamama wa pori hilo hawakungoja Ulaya iwafundishe kuchora kitu kisicho mtu wala mnyama. Walirithi kazi hiyo kwa mama zao. Mwanaume anatoa gome la ndani la mti, analilowesha, analiponda kwa nyundo ya pembe ya tembo au ya mti mpaka linakuwa laini kama kitambaa. Kisha mwanamke analipokea. Anatengeneza rangi nyeusi kwa maji ya tunda la gardenia na makaa, na nyekundu kwa unga wa nkula. Anachora kwa kidole au kwa kijiti: mistari, vidoto, miraba, alama zinazokumbusha madoa ya chui, bawa la kipepeo au wavu wa buibui. Mahali pengine anapaacha wazi kwa kusudi, sawa mwimbaji anayenyamaza kidogo ili mwenzake aitikie. Wakati mwingine nguo moja inapitiwa na mkono zaidi ya mmoja. Nguo hizo zilivaliwa katika ngoma, na katika elima, sherehe ya wasichana waliokomaa.

Pamba ilipofika, kikwembe kilichukua nafasi ya gome. Katika miaka ya 1970 na 1980 wanunuzi walipeleka nguo nyingi za Wambuti Ulaya na Marekani. Mwaka wa 1983 Robert Farris Thompson, mwalimu wa chuo kikuu cha Yale, alitoa maandishi juu yake huko Munich. Mwaka wa 1991 nyumba ya makumbusho ya Dapper, mjini Paris, ilizionyesha. Mwaka wa 1995 Thompson na Georges Meurant walitoa kitabu kizima kiitwacho Mbuti Design. Wazungu walishangaa: kumbe hii inafanana na kazi ya wachoraji wetu wakubwa!

Hapo tunafika kwenye neno letu. Soma kikaratasi kilichowekwa chini ya nguo hizo. Mara nyingi kinasema: “Mbuti, Ituri, Zaire”. Basi. Karatasi moja kati ya 95 ina jina la mwenyewe. Nguo ambayo haina pacha duniani imeandikwa jina la kabila.

Wengine watatujibu kwamba Wambuti hawana desturi ya kutia sahihi. Ni kweli, lakini hawakuwa na lazima nayo. Katika kambi, ukiuliza “Hii njo kazi ya nani?”, hata mtoto angekujibu, sababu kila mtu alijua mkono wa mama yake na wa shangazi yake. Jina lilikuwepo. Lilipotelea njiani, kwa sababu aliyenunua hakuuliza, au aliuliza na hakuandika.

Halafu vita vikaongeza hasara. Tangu Oktoba 2002 mpaka Januari 2003, vikundi vya waasi viliendesha katika eneo la Mambasa operesheni iliyoitwa Effacer le tableau, yaani kufuta ubao. Kwa Kifaransa neno hilo tableau ni ubao, na ni picha pia. Wambuti waliuawa, kambi zikakimbiwa. Mama mzee akifa katika mkimbio, majina yote aliyoyajua yanazikwa naye. Sisi wa Bunia tuliokimbia mwaka wa 2003 na kurudi bila picha hata moja ya wazazi wetu, tunaelewa uchungu huo.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo. Ukipata nguo ya gome, sokoni au kwa rafiki, usiulize bei kwanza. Uliza ni nani aliyeponda na ni nani aliyechora. Andika katika kaye: jina, kambi, mti, mwaka, kama mwenyewe anakubali. Ukinunua, mlipe yeye, si mpita njia tu. Nasi walimu, tunapofundisha watoto sanaa ya wageni, tuwafundishe pia kwamba hapa kwetu kuna wamama wachoraji. Wengine bado wako hai, na wanaweza kututajia majina yao wenyewe.