Mgombea Huru na Fedha za Eastlands

Mvutano juu ya nani anayesimamia fedha za umma mashariki mwa Nairobi, eneo la Eastlands, ulianza zamani kuliko uhuru. Serikali ya kikoloni ilipowatengea Waafrika eneo la Pumwani mapema miaka ya 1920, manispaa ilijipa ukiritimba wa kuwapikia na kuwauzia pombe, na faida ikawekwa katika mfuko wa kugharamia huduma zao. Wakazi maskini kuliko wote mjini wakawa wanajilipia huduma zao, huku matumizi ya fedha hizo yakiamuliwa na watu ambao hawakuwachagua. Tangu hapo kila kizazi cha Eastlands kimedai haki ya kuhoji matumizi, na ninaamini haki hiyo haijakamilika mahali ambapo mtu hawezi kugombea bila idhini ya chama.

Historia yenyewe inaonyesha hivyo. Waafrika walipopiga kura mara ya kwanza Machi 1957 kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, vyama vyao vya nchi nzima vilikuwa bado marufuku. Vya wilaya tu ndivyo vilivyoruhusiwa. Tom Mboya, katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi, alimshinda wakili Argwings-Kodhek katika kiti cha Nairobi kwa nguvu za vyama vya wafanyakazi na mikutano ya hadhara, ikiwemo ile ya ukumbi wa Kaloleni. Mlango huo wa kugombea bila idhini ya chama haukudumu. Mwaka 1968 wagombea wa KPU, chama cha Oginga Odinga, walienguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa kwa madai kwamba fomu zao zilijazwa vibaya, na mwaka huohuo katiba ikabadilishwa ili asigombee ubunge mtu asiyeteuliwa na chama. KPU ilipopigwa marufuku mwaka uliofuata, tikiti ikabaki ni ya chama tawala, KANU, pekee.

Ubadhirifu wa City Hall, makao ya Baraza la Jiji la Nairobi, una sababu nyingi, na sheria ya 1968 haiwezi kubebeshwa lawama yote. Lakini siasa za chama kimoja zilimfundisha kila mwanasiasa kwamba kosa la kuwaudhi wakubwa wa chama ni zito kuliko kosa la kupoteza fedha za mpigakura. Mwaka 1983 serikali ilivunja Baraza la Jiji kwa hoja ya usimamizi mbaya, ikaweka tume za watu walioteuliwa, na tume hizo zikaendesha jiji hadi 1992. Miaka hiyo ndiyo Dandora, Umoja na Kayole zilipokuwa zikifurika watu na kuhitaji maji, mitaro na barabara, na wakazi wake hawakuwa na diwani wa kumwuliza kodi zao zimekwenda wapi. Dawa iliyotolewa kwa fedha kupotea ilikuwa kuwanyang'anya wenye fedha kura yao.

Katiba ya 2010 iliufungua mlango tena. Kifungu cha 85 kinamruhusu kugombea mtu ambaye hajawa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na anayetaka kiti cha wadi huhitaji kuungwa mkono na wapigakura 500 waliosajiliwa humo. Wapo wanaosema wagombea huru wengi ni walioangushwa kwenye kura za mchujo wakajifunika vazi la uadilifu. Ni kweli kwa wengi, na hilo linatutaka tumpime kila mmoja kwa rekodi yake. Hata hivyo, uwezekano tu wa mtu kushinda nje ya chama unawalazimu wenye tikiti kuwaogopa wapigakura kidogo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtu mmoja hawezi kuzuia bajeti. Kawira Mwangaza alichaguliwa gavana wa Meru mwaka 2022 akiwa mgombea huru. Wawakilishi wadi walipiga kura ya kumng'oa mara tatu, na Agosti 2024 Seneti ikaidhinisha aondolewe. Kabla ya hapo, mpango wa kurekebisha katiba wa Punguza Mizigo wa 2019, uliotaka kupunguza wabunge na maseneta kutoka 416 hadi 147, ulikusanya saini zaidi ya milioni moja kisha ukazimwa na mabunge ya kaunti. Mifano hii inafundisha kwamba anayeahidi kufyeka matumizi peke yake anaahidi asichokiweza. Haimaanishi kwamba hana kazi. Mwakilishi wadi asiye na chama anaweza kudai maelezo ya kila mradi, kusoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu mbele ya waliomchagua, na kuihoji kaunti inapokiuka sheria inayotaka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma, kwa hiyo nguvu ambayo hana ndani ya bunge la kaunti anaweza kuipata kwa majirani wanaojaza vikao vya bajeti. Basi mgombea huru anapokuja kuomba kura Makadara au Kariobangi, tumwulize ni fungu gani la bajeti atakalolipinga kwanza, na ni wakazi gani wamekubali kusimama naye siku ya kulipinga.