Marere na Rangi Nyekundu za Sufu: Bidhaa Iliyopotelea Katika Majina ya Soko, Pwani ya Mikindani na Ruvuma

Historia ya biashara ya Mikindani na mlango wa Mto Ruvuma katika karne ya 19 imeandikwa zaidi kwa kufuata watumwa, pembe za ndovu, sandarusi na mpira. Sehemu hii inachunguza bidhaa iliyo pembezoni mwa orodha hiyo, yaani marere, likeni ya jenasi Roccella inayoota juu ya magome ya miti na miamba ya pwani ya Afrika Mashariki.

Marere hayaonyeshi rangi yake yakiwa mtini. Hulowekwa katika amonia, ambayo zamani ilipatikana katika mkojo uliochacha, kisha huachwa yapate hewa hadi yatoe zambarau inayoelekea wekundu. Rangi hiyo hushika sufu na hariri moja kwa moja, lakini haishiki pamba. Kwa kuwa mavazi ya pwani yalikuwa hasa ya pamba, kama vile kaniki na merikani, soko la marere lilikuwa ng'ambo. Mchumaji alitegemea bei iliyopangwa Ulaya.

Katika miaka ya 1870 tegemeo hilo lilitikiswa mara mbili. Kwanza, marere ya Baja California yaliingia sokoni. Pili, Zacharie Roussin nchini Ufaransa na Heinrich Caro wa BASF, Ujerumani, walitengeneza rangi nyekundu za asidi kutokana na lami ya makaa ya mawe. Rangi hizo zina kundi la sulfoniki lenye chaji hasi. Ndani ya maji yenye asidi, sufu hupata chaji chanya, na viwili hivyo hushikana. Mojawapo iliitwa Roccelline, jina linalotokana na likeni ileile iliyokuwa ikiondolewa sokoni.

Kwa upande mwingine, wafanyabiashara wa Ulaya waliyaainisha marere kwa majina kama Zanzibar na Msumbiji. Mzigo wa Ruvuma uliopitia Unguja ungehesabiwa kuwa wa Zanzibar. Uliopitia Ibo, wa Msumbiji. Hivyo, kutoonekana kwa jina la Mikindani katika orodha hizo si ushahidi kwamba uchumaji haukuwapo. Aidha, anguko la kipato cha pwani halielezwi kikamilifu na siasa za Sultani, Wareno waliotwaa Tungi mwaka 1887, au Wajerumani. Maabara za rangi nazo zina nafasi katika maelezo hayo.