Daftari la Wafu: Historia Fupi ya Usajili wa Vifo kutoka Arua hadi Abuku

Uganda ilipoanza kusajili vifo mwaka 1904, Abuku, gombolola la Koboko, haikuwa Uganda. Nchi hii yote ya magharibi ya Nile ilihesabiwa kuwa sehemu ya Lado, eneo alilokodishwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa sharti kwamba mkataba ungekoma utawala wake ukikoma. Leopold alifariki Desemba 1909. Kufikia Juni 1910 Lado ilikuwa mikononi mwa Sudan, na mwaka 1914 kipande chake cha kusini kikaunganishwa na Uganda. Mwaka huohuo A. E. Weatherhead akafungua boma la Arua. Kwa hiyo kifo cha kwanza kubadilisha karatasi za Nile Magharibi kilitokea Ulaya, kwa mtu ambaye hakuwahi kukanyaga huku.

Msomaji aliyezoea mambo ya Marekani atauliza nyumba za mazishi ziko wapi. Kule biashara hiyo ilishika kasi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, askari walipofia mbali na kwao na madaktari wakaanza kuwatia dawa ili miili ifike ikiwa salama. Mwili wa Rais Lincoln ulisafirishwa hivyo kwa treni mwaka 1865 mbele ya umati mkubwa, na watu wakaona kwamba jambo hilo linawezekana. Familia zikafungua maduka ya mazishi, baba akamrithisha mwana, na leja zao zikaandika jina la marehemu, wazazi wake, bei ya jeneza na nani aliyelipa. Leo watafiti wa nasaba huzichambua leja hizo kwa hamu, kwa sababu mara nyingi zina habari ambazo serikali haikuwahi kuziuliza.

Nyumba ya mazishi ya namna hiyo, yenye leja ya miaka mia, haikuota Koboko. Mazishi yalikuwa kazi ya ukoo. Vijana wa ukoo huchimba kaburi, wazee huonyesha mahali pa kuchimba, na kaburi huwa palepale nyumbani, hatua chache kutoka mlangoni. Kumbukumbu ilikaa ardhini. Hata sasa watu wakigombania shamba, wazee hawaanzi na hati; wanauliza ni babu wa nani amelala pale. Kwa maoni yangu hiyo ni rejista, na ina nguvu kuliko nyingi zilizoandikwa kwa wino. Ila haiwezi kubebwa mtu anapokimbia, na watu wa huku wamekimbia sana.

Wino ulikuja na dini. Wamisionari Wakatoliki wa Comboni walifika Nile Magharibi mwaka 1917, na African Inland Mission ikafungua kituo Mvara, Arua, mwaka 1918. Kanisa Katoliki lilikuwa na desturi ya tangu 1614, kitabu cha ibada cha Papa Paulo V kilipoagiza kila parokia iwe na kitabu cha wafu kando ya vile vya ubatizo na ndoa. Padri huandika jina, siku, sakramenti alizopokea marehemu na mahali alipozikwa. Asiyebatizwa hakuwa na mstari humo. Kwa hiyo vitabu hivyo ni hazina, lakini ni hazina ya waumini. Anayevitumia kuhesabu vifo vya wilaya nzima atapotoka.

Upande wa Koboko, ambako Uislamu una mizizi, hali ni nyingine. Maiti huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa na kuzikwa siku ileile ikiwezekana. Mochari haina kazi hapo, na karani hana nafasi. Hata hivyo tarehe haipotei hovyo, maana mjane anaanza eda, miezi minne na siku kumi, na siku hizo lazima zihesabiwe kutoka mahali fulani. Mirathi nayo inadai kujua nani alitangulia kufa, baba au mwana, kwa kuwa jibu hubadilisha mafungu yote.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na haja yake: kodi. Jina la mlipa kodi likiwa kwenye orodha ya chifu, na mwenye jina keshazikwa, mtu alipaswa kwenda kueleza. Karani akalipiga mstari. Sidhani kama kulikuwa na njia nyingine iliyowafikisha wanaume wengi wa vijijini kwenye karatasi ya serikali wakiwa wamekufa. Wanawake na watoto, wasiotozwa, walizikwa bila mstari wowote. Kodi hiyo ya kichwa ilikuja kusitishwa mwaka 2005, mwaka uleule Koboko ilipokatwa kutoka Arua ikawa wilaya. Gombolola la Abuku likapata makao makuu ya karibu zaidi, na papo hapo likapoteza sababu ya kale ya kumkumbusha karani kwamba fulani hayupo tena.

Watoto walipata mwandishi wao mahali ambapo pengine mtu hangepatafuta. Kusini ya Arua kuna Hospitali ya Kuluva, waliyoijenga ndugu wawili madaktari, Ted na Peter Williams, wa African Inland Mission. Mwaka 1961 Ted Williams alisafiri na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, na mwenzao Cliff Nelson. Safari ilichukua kama wiki kumi kwa gari kuukuu, kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wameuona uvimbe wa taya unaowaua watoto. Aliporudi Kuluva aliendelea kuandika kila mgonjwa: umri, kijiji, siku ugonjwa ulipoanza. Kazi ilikuwa ya subira na ya kuchosha. Lakini kumbukumbu za 1961 hadi 1965, zilizochapishwa London mwaka 1967, zilionyesha kwamba wagonjwa wa Nile Magharibi walijikusanya mahali na wakati, yaani watoto waliokaa karibu waliugua kwa kukaribiana. Daktari asiyeandika jina la kijiji asingeliona hilo kamwe.

Likafuata jambo kubwa zaidi. Kati ya 1972 na 1974 watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa Nile Magharibi, wakaihifadhi, wakangoja. Watoto wachache walipopata saratani hiyo ya uvimbe wa taya, damu yao ya zamani ilitolewa na kulinganishwa na ya wenzao wazima. Taarifa ya kwanza, ya mwaka 1978, ilisimama juu ya watoto 14 tu, lakini ilitosha kuutia nguvu ushahidi kwamba virusi vya Epstein-Barr vinahusika. Wengi wanaosoma kuhusu saratani hiyo duniani hukutana na jina la Nile Magharibi. Wachache hujiuliza nani alitembea kwa miguu kutoka boma hadi boma kuwatafuta watoto hao tena.

Miaka hiyohiyo Uganda ilikuwa ikiandika vifo kwa namna ya ajabu. Rais alikuwa Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni wa Koboko. Mwaka 1972 amri yake ilirekebisha sheria ya urithi kwa asiyeacha wosia: watoto asilimia 75, wajane 15, wategemezi 9, mrithi wa kimila 1. Mwaka 1973 sheria ya kusajili vizazi na vifo ikaanza kumbana kila mtu, si Wazungu na Wahindi pekee. Kwenye karatasi hayo ni maendeleo. Lakini mwaka huohuo ilitolewa pia amri ya kusimamia mali za watu waliopotea. Serikali haitungi sheria ya waliopotea kama waliopotea ni wachache. Mwaka 1974 Amin akaunda tume chini ya Jaji Mohammed Saied, nayo ikaandika habari za watu 308 waliotoweka. Ripoti ilikamilika 1975, na serikali haikuichapisha. Daftari la wafu lilikuwepo, lilifungiwa kabatini.

Baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, kisasi kiliiangukia Nile Magharibi. Mwishoni mwa 1980 askari wake wa zamani waliingia kutoka Sudan na Zaire, na jeshi jipya, UNLA, likawageukia raia. Koboko na Arua zikahama, watu wakavuka mpaka kwenda Aru na Ariwara upande wa Zaire, na Yei upande wa Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi walishambulia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, walikokuwa wamejificha raia. Karibu watu mia moja waliuawa. Pale pana kaburi la pamoja, na kila mwaka tarehe hiyo watu huenda kusali. Waliofia uhamishoni walizikwa ugenini, kwenye ardhi ambayo baadaye wenyeji wengine wakalima. Wazee waliorudi baada ya 1986 walilazimika kujenga upya kwa mdomo orodha ya nani alibaki wapi. Sasa mambo yamegeuka: wanaokimbia wanakuja kwetu. Makazi ya wakimbizi ya Lobule, Koboko, yanapokea Wakongo, na ya Bidi Bidi, Yumbe, yalifunguliwa Agosti 2016 kwa Wasudani Kusini. Mahali pa kuwazika wageni ni jambo la kuzungumza na wenyeji, kwa sababu ileile niliyoitaja: kaburi husema ardhi ni ya nani.

Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015 ilihamishia kazi hii kwa mamlaka ya vitambulisho, NIRA. Mpango wenyewe si mgumu. Kifo cha hospitalini kina taarifa ya daktari. Cha nyumbani kinaanzia kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kisha gombolola, kisha ofisi ya NIRA wilayani. Kinachoukwamisha ni kwamba msiba una daftari lake tayari. Fika kwenye matanga yoyote upande wa Koboko: kijana ameketi chini ya mwembe na daftari la shule, karatasi imepigwa mistari kwa rula, safu ya jina, safu ya kijiji, safu ya mchango. Shilingi elfu tano, mbuzi mmoja, debe la unga, kuni. Jumla husomwa hadharani kabla watu hawajatawanyika, na familia hulitunza daftari hilo kwa miaka, maana deni la rambirambi hulipwa msiba ukifika kwa mwenzio. Redio nazo hutangaza: marehemu nani, mtoto wa nani, anazikwa lini. Radio Pacis ya Arua iko hewani tangu 2004, na katika nyumba nyingi tangazo la kifo ndilo linalofanya sauti iongezwe. Mtu akifia Kampala, zaidi ya kilomita 500 kutoka Koboko, mwili unapita Karuma na Pakwach, na huo ndio msiba ambao hauwezi kukosa karatasi.

Wanaofia nyumbani ndio wanaoikosa. Halafu, baada ya miaka miwili, mjane anataka fedha zilizoko benki, au shamba linauzwa na shemeji, na anaambiwa alete cheti cha kifo. Marekebisho ya sheria ya urithi ya 2022 yameipandisha sehemu ya mwenzi hadi asilimia 20, lakini bila cheti asilimia hiyo haina pa kusimama. Hapo ndipo mashahidi wanaanza kutafutwa, na nusu yao nao wamekwisha kufa.

Basi ndugu msomaji, kijana wa daftari la rambirambi apewe kazi moja zaidi. Kabla matanga hayajaanuliwa, aandike jina la marehemu kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe na mahali alipofia, achukue barua ya LC1 na kuipeleka gombolola. Abuku ofisi ipo.