Mitambo Isiyooana: Kutoka Karanga za Nachingwea Hadi Kompyuta za Nyumbani

Mazungumzo yangu ya wiki hii yametokana na barua ya mzee mmoja wa Ruangwa, mwalimu mstaafu. Baada ya kulipwa fedha zake za korosho, mzee huyu alinunua kompyuta tatu kuukuu, kila moja kwa muuzaji wake. Moja ameiweka sebuleni kwa ajili ya wajukuu. Ya pili iko chumbani kwake, anakotunza hesabu za chama cha msingi cha ushirika. Ya tatu iko kwenye kibanda kilicho barabarani, hatua kama hamsini kutoka nyumbani, ambako binti yake anachapa barua za watu na mitihani ya shule. Printa ni moja tu, nayo ipo chumbani kwa mzee. Nia yake ni kuziunganisha zote kwa waya ili zitumie printa hiyo moja.

Anasema kompyuta mbili za ndani zinasikilizana vizuri. Ile ya kibandani leo inakubali, kesho inakataa. Fundi amekwisha kuja mara nne, na mara zote nne amelipwa. Sasa fundi anasema kompyuta ndiyo mbovu, inunuliwe nyingine. "Je, nimeuziwa mbuzi ndani ya gunia?" anauliza mzee. Korosho za mwaka huu hazijakomaa, na fedha za mwaka jana zimekwisha.

Nilipoisoma barua ile nilijiambia kwamba suala la mitambo kukataa kuoana si geni katika nchi ile. Ruangwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea hadi ilipofanywa wilaya kamili mwaka 1995, na Nachingwea ni mji uliokuzwa na mradi ambao hadi leo hutajwa duniani kama mfano wa kununua mitambo kwanza na kuuliza maswali baadaye.

Nazungumzia mradi wa karanga wa Waingereza. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake iliamua kulima karanga Tanganyika katika mamilioni ya ekari, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya hayakupatikana kwa haraka, viwanda vya Ulaya vikiwa bado vinajikongoja. Kwa hiyo yakanunuliwa matrekta kuukuu yaliyoachwa na majeshi, mengine kutoka mbali kama Ufilipino. Kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya kivita aina ya Sherman na kuvigeuza kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mitambo ikaja ya aina nyingi na umri mbalimbali, na vipuri vya huyu havikumfaa yule. Trekta moja likikosa kifaa kidogo tu lililala, na jirani yake hakuweza kumwazima. Mvua, udongo mgumu na mipango mibaya vilichangia anguko lile, siyo matrekta peke yake. Lakini ilipofika Januari 1951 mradi ulikatishwa, na pauni zaidi ya milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa pia bandari ya Mtwara, na reli ya kuelekea Nachingwea. Karanga hazikuja. Reli ile ilikuwa na upana wa meta moja, sawasawa na Reli ya Kati, lakini haikuunganishwa na reli nyingine yoyote. Ilikwenda Nachingwea, baadaye na Masasi, basi. Mwaka 1962 ilifungwa, kisha ikang'olewa.

Nimeitaja reli kwa sababu ndiyo njia nyepesi ya kueleza shida ya mwalimu wetu. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 70, ina upana wa milimeta 1,067. Reli ya Kati ina milimeta 1,000. Tofauti ni milimeta 67, upana wa vidole vinne hivi. Lakini kwa vidole hivyo vinne, behewa lililotoka Kigoma haliwezi kuendelea na safari hadi Mbeya. Pale Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine. Hakuna reli mbovu kati ya hizo mbili. Kila moja peke yake ni nzima kabisa.

Kompyuta nazo zilianza hivyo hivyo. Zamani kila kampuni ilikuwa na "upana" wake. Ukinunua mashine ya kampuni fulani, umeoa na ukoo mzima: printa yao, diski zao, programu zao na fundi wao. Nchi yetu ililijua hilo mapema. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta mwaka 1965, na baada ya miaka michache mambo ya hesabu yakaenda kombo na gharama zikapanda, hadi mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wapo wanaoicheka amri ile leo. Mimi siicheki sana. Nchi isiyokuwa na fedha za kigeni ilikuwa imefungwa na mitambo ambayo kila kipuri chake kilipatikana ng'ambo tu, kwa bei ya mwenye duka. Kosa, nionavyo mimi, ni kwamba mlango uliendelea kufungwa wakati kompyuta zenyewe zilikwisha kubadilika.

Zilibadilika lini? Agosti 1981, kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ndogo ya mezani. Kwa kuwa ilikuwa na haraka, haikutengeneza kila kitu yenyewe. Ilinunua prosesa kwa Intel na mfumo endeshi kwa Microsoft, na ikachapisha wazi maelezo ya jinsi vifaa vinavyochomekwa ndani yake, ili wengine watengeneze kadi za kuongezea. Kitu kimoja tu ilikishikilia: ile programu ndogo ya kuiamsha mashine, iitwayo BIOS. Kampuni changa ya Compaq ikatafuta njia. Ikawaweka watu wa kundi moja waandike programu ile inafanya nini, halafu kundi jingine, ambalo halikuiona kabisa programu ya IBM, likaandika mpya inayofanya kazi hiyo hiyo. Mwaka 1983 Compaq ikawa sokoni na mashine iliyokubali programu na kadi za IBM. Wengine wakafuata kwa makumi. Mwaka 1987 IBM ilijaribu kuurudisha mlango kwa kuleta aina mpya ya sehemu za kuchomekea kadi, ikitaka watengenezaji wengine wailipe. Wapinzani wake tisa wakaungana wakatoa yao. Mbuzi alikwisha kukata kamba.

Ndiyo maana leo mwalimu wa Ruangwa anaweza kununua kompyuta tatu za makampuni matatu, na bado akatumaini zitazungumza. Matumaini hayo hayakuwapo kabla ya 1981.

Hata hivyo ndani ya sanduku bado kuna mambo ya kuangalia. Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya 2000, nikiwa kijana ndiyo kwanza nimepata stashahada ya uandishi wa habari, ndugu yangu alinitumia kompyuta kutoka Marekani. Nilitafuta plagi ya kuoanisha pini bapa za Kimarekani na soketi yetu ya matundu matatu, nikajiona mjanja. Sikutazama kiswichi chekundu kilichokuwa nyuma ya mashine, kilichoandikwa 115 na 230. Kilikuwa kwenye 115, na umeme wetu ni volti 230. Niliwasha, ukatokea mlio kama wa fataki, chumba kikanuka. Plagi ilioana. Umeme haukuoana.

Kadhalika kumbukumbu, ambazo mafundi huziita ramu. Aina iitwayo DDR2 na ile ya DDR3 zinalingana urefu, na zote zina meno 240. Ukizilaza mezani utadhani ni pacha. Lakini ukitazama vizuri utaona pengo lililo katikati ya meno limesogezwa kidogo, makusudi, ili moja isiingie mahali pa nyingine, kwa sababu zinatumia umeme tofauti. Asiyejua hubonyeza kwa nguvu, akavunja ubao. Mtu wa Nachingwea anayeagiza ramu Kariakoo afadhali aichomoe ile ya zamani, aifunge kwenye karatasi, aitume na basi ikalinganishwe dukani. Kuuliza kwa simu "nataka ramu ya kompyuta nyeusi" ni kununua trekta la Ufilipino.

Na jambo la siku hizi: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubaliani rasmi na kompyuta nyingi za umri mkubwa. Kwa hiyo anayenunua kompyuta kuukuu aulize prosesa ni ya kizazi gani kabla ya kuuliza bei.

Sasa waya. Mwezi Mei 1973, katika maabara ya Xerox huko California, mhandisi Robert Metcalfe aliandika waraka akieleza namna ya kuziwezesha kompyuta nyingi kuzungumza katika waya mmoja bila kukatizana. Aliuita utaratibu huo Ethernet. Mwaka 1980 Xerox, Intel na Digital waliutangaza wazi, na mwaka 1983 chama cha wahandisi cha IEEE kikaufanya kuwa kipimo cha wote. IBM ilikuwa na utaratibu wake, Token Ring, ambao wahandisi wengi waliusifu. Lakini kadi zake zilikuwa ghali na wauzaji wachache. Ethernet ilitengenezwa na kila aliyetaka, ikashuka bei, ikashinda.

Mwanzoni waya wake ulikuwa mmoja uliopita kwenye kompyuta zote, kama kamba ya kuanikia nguo. Ukikatika mahali pamoja, ofisi nzima inanyamaza. Mwaka 1990 kikaja kipimo cha kutumia nyaya zilizosokotwa mbili mbili, mfano wa nyaya za simu, kila kompyuta na waya wake hadi kwenye kisanduku cha katikati. Huo ndio mpango unaotumika majumbani hadi leo, na waya mmoja unaruhusiwa kufika meta 100. Kadi ya zamani na swichi mpya zikikutana hupiga hodi kwanza, zikaulizana mwendo, kisha zote zikafuata mwendo wa anayekwenda polepole. Kwa hiyo umri wa ile kompyuta ya kibandani peke yake usingeizuia kuzungumza na wenzake.

Hapo nikampigia simu mwalimu. Nikamwomba ashike kichwa cha waya unaokwenda kibandani, anisomee rangi za nyaya nane zilizomo, kutoka kushoto. Akasoma kwa sauti ya darasani: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, kijani, nyeupe ya bluu, bluu, nyeupe ya kahawia, kahawia. Akasema upande wa pili ni hivyo hivyo, na kwamba fundi alipima kwa kile kidude chake, taa zote nane zikawaka.

Mpango mzuri kwa macho, kila rangi na mwenzake. Lakini sio uliokubaliwa. Katika kipimo cha wote, baada ya nyeupe ya kijani hufuata bluu, kisha nyeupe ya bluu, ndipo kijani, halafu kahawia zake mbili. Sababu ni ya kihistoria: nyaya mbili za katikati ziliachiwa simu, na jozi ya kijani ikalazimika kuzirukia. Kompyuta hutuma ujumbe kwa jozi zilizosokotwa pamoja, kwa kuwa msokoto ndio unaozuia kelele. Katika waya wa mwalimu, nafasi ya tatu na ya sita, ambazo ni jozi moja kwa kompyuta, zilikuwa na nyuzi za misokoto miwili tofauti. Zile taa nane huonyesha tu kwamba waya haukukatika. Haziwezi kusema nani amesokotwa na nani. Ndani ya nyumba, meta tatu au nne, kosa hilo halionekani. Kwa hatua hamsini, ukipita kando ya waya wa umeme, ujumbe unapotea njiani.

Nilimwambia akate vichwa vyote viwili, anunue vipya, na amsimamie fundi huku akimsomea rangi moja baada ya nyingine. Kompyuta asiiuze, na nyingine asinunue.

Juzi amenipigia. Kibanda kimechapa mitihani ya kurasa sitini bila kukwama. Fundi hakudai fedha safari hii. Sasa mzee analalamikia bei ya wino.