Maumivu makali ya tumbo si vidonda kila mara, huenda ni dawa unayomeza

Yanaanza ghafla, sehemu ya juu ya tumbo, na yanapenya mpaka mgongoni. Mgonjwa anatapika. Akilala chali ndiyo yanazidi, akiinama mbele anapata nafuu kidogo. Wengi watasema ni vidonda vya tumbo na kukimbilia duka la dawa.

Lakini huenda ni kongosho limevimba, tena ghafla.

Kongosho lipo nyuma ya mfuko wa chakula. Linatengeneza insulini na vimeng'enya vya kusaga chakula. Likipata hitilafu, vimeng'enya hivyo huanza kazi vikiwa bado humo ndani na kulishambulia kongosho lenyewe. Hali ikiwa mbaya, figo na mapafu hufeli na mtu anaweza kufa.

Mara nyingi chanzo ni mawe kwenye nyongo au pombe. Dawa husababisha sehemu ndogo tu ya visa, na pengine ndiyo maana hakuna anayezifikiria.

Mfano ni valproeti, dawa ya kifafa ambayo wengi wanaijua kama Epilim. Tangu mwaka 2000, Marekani inataka iuzwe ikiwa na onyo kali kuhusu kongosho. Tatizo laweza kutokea mwanzoni mwa matibabu au baada ya miaka ya kuitumia, kwa watoto na watu wazima. Didanosini, ARV iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991, nayo ilijulikana kwa madhara haya. Siku hizi macho yapo kwa sindano za kisukari na kupunguza uzito kama Ozempic: Juni 2025 Uingereza ilianza kuchunguza iwapo vinasaba vinawaweka baadhi ya watumiaji hatarini zaidi.

Sasa usitupe dawa zako. Anayekatisha ghafla dawa ya kifafa anaweza kupata degedege lisilokoma. Ukipata maumivu ya aina hii nenda hospitali haraka, na beba maboksi ya dawa zote unazotumia, hata zile za mitishamba.

Daktari atapima damu kuangalia kimeng'enya cha lipesi. Kikizidi mara 3 ya kiwango cha kawaida, pamoja na maumivu hayo, jibu limepatikana. Mgonjwa huwekewa dripu na kupewa dawa za maumivu. Dawa inayoshukiwa husimamishwa na daktari, ambaye huchagua nyingine badala yake.