Tamthilia za televisheni Dar es Salaam: taabu za utayarishaji

Tamthilia za televisheni za Dar es Salaam hutengenezwa kwa sehemu kubwa ndani ya nyumba za watu, Sinza, Mwananyamala, Mbezi, Temeke hadi Mbagala. Anayetaka kujua kwa nini nyingi hukatika njiani aanze kuuliza nani analipa, na atalipa hadi lini. Vipaji havijawahi kuwa haba.

Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994 ITV ilipoanza, na muda si mrefu vikundi vya sanaa vilivyozoea jukwaa vikajikuta mbele ya kamera. Kaole Sanaa Group ndicho kilichoacha alama kubwa zaidi: Steven Kanumba, Vincent Kigosi (Ray) na Blandina Chagula (Johari) wote walipitia humo. Mara nyingi hapakuwa na skripti; kisa kilielezwa, wasanii wakatunga maneno papo hapo. Msanii alijulikana mtaa mzima, na bado alirudi nyumbani kwa daladala. Filamu ya Girlfriend (2003) ilipothibitisha kwamba video inauzika, wengi walihamia kwenye filamu za kuuzwa madukani Kariakoo.

Tamthilia ya Siri ya Mtungi ilikuja na uwezo mwingine kabisa. Shirika la Media for Development International liliitengeneza kwa fedha za msaada wa Marekani, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ili masuala ya UKIMWI na uzazi wa mpango yapite ndani ya kisa cha Cheche, kijana mpiga picha. Ni miongoni mwa kazi bora kuwahi kurushwa kwa Kiswahili: taa zake, sauti yake na mazungumzo yake yalionyesha waigizaji wetu wanaweza nini wakipewa muda. Ilianza kurushwa Desemba 2012, na tarehe 31 ya mwezi huohuo mitambo ya analojia ikazimwa jijini. Asiye na king'amuzi akabaki na kioo cheusi. Baada ya misimu miwili Siri ya Mtungi ikaisha. Rome, tamthilia ya HBO na BBC, nayo ilikoma 2007 baada ya misimu miwili kwa sababu ya ughali, lakini waliokuwa nyuma yake walikuwa na kazi nyingine za kushika. Kwetu, fedha za mradi zikifika ukomo, hakuna mfuko wa pili.

Taabu ya kila siku iko kwenye lokesheni. Nyumba imekodiwa Sinza kwa siku mbili. Madirisha yamefungwa ili kelele zisiingie, feni imezimwa kwa sababu muungurumo wake unanaswa, na mwigizaji anayelia kwa uchungu wa ndoa anafutwa jasho kwa tishu kila baada ya sentensi tatu. Bodaboda inapita, wanarudia. Adhana inaanza, wanangoja. Umeme ukikatika, jenereta huwekwa mbali kadiri waya unavyofika, nayo bado husikika. Mgawo wa umeme wa 2011 uliwaumiza sana watayarishaji wadogo: siku ya kodi ya nyumba iliendelea kuhesabiwa, kamera zikiwa zimelala.

Siku hizi wanaolipa ni chaneli za malipo. Azam TV ilianza matangazo Desemba 2013, na Maisha Magic Bongo ya DStv imebeba tamthilia za Huba na Jua Kali, ya pili ikiwa kazi ya Leah Mwendamseke (Lamata). Mkataba wa aina hii umewapa wasanii kipato cha kuhesabika, jambo ambalo Kaole hawakulipata, lakini unadai vipindi vingi kwa haraka. Ugumu unahamia kwenye mwendelezo. Mwigizaji huja na nguo zake mwenyewe ndani ya begi; akisuka upya katikati ya wiki, mke aliyetoka chumbani na rasta anaingia sebuleni na nywele fupi, na mhariri hana la kufanya. Mwigizaji akiacha kazi kabisa, mwandishi humsafirisha mhusika kwenda Mwanza, au humzika.